Willis Carrier: Aliyeiosha hewa, akatuachia koili za kuosha

MPISHI yeyote aliyewahi kutia magadi kwenye maharagwe ndani ya sufuria ya alumini anaijua alama inayobaki. Maharagwe hulainika upesi, na sufuria hugeuka nyeusi kwa ndani. Magadi yameilamba. Hakuna anayehangaika kwa sababu hiyo, maana sufuria ni nene na itapikiwa miaka mingi kabla ya kutoboka.

Hebu msomaji aichukue alumini iyo hiyo kwa mawazo, aifanye nyembamba kama karatasi, aikate vibati mamia kwa mamia, avipange wima vikiwa vimeachana kwa milimita moja au mbili tu, kisha aviache nje ya nyumba katika mji wa Magadi, ambako upepo hubeba vumbi la ziwa la soda. Vibati hivyo, pamoja na bomba la shaba linalopita katikati yake likipindapinda, ndivyo mafundi wanavyoviita koili. Kiyoyozi cha kawaida kina koili mbili, moja ndani ya chumba na nyingine nje. Zisiposafishwa, kiyoyozi hubaki kuwa sanduku la kelele na bili kubwa ya umeme.

Magadi iko takriban kilomita 120 kusini-magharibi mwa Nairobi, katika Kaunti ya Kajiado. Anayetoka Kitengela hupitia Isinya hadi Kiserian, kisha huanza kuteremka Bonde la Ufa na kuipita Olorgesailie, na kadiri anavyoteremka ndivyo shati linavyozidi kumganda mgongoni. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ilhali Magadi iko kama mita 600 tu, na joto la mchana wakati wa kiangazi hukaribia nyuzi 40. Mahali kama hapo kiyoyozi si pambo la ofisi ya mkubwa. Ni kifaa cha wodi ya wagonjwa, cha maabara, na cha chumba chenye mitambo ya simu na kompyuta. Ndugu yake friji, ambaye naye hufanya kazi kwa koili mbili, ndiye anayelinda chanjo za watoto na nyama ya mwenye bucha.

Mtu aliyekibuni kiyoyozi cha kisasa alizaliwa mbali sana na jua la namna hii.

Willis Haviland Carrier alizaliwa Novemba 26, 1876, katika kijiji kiitwacho Angola. Hiyo si nchi ya Angola ya huku kwetu Afrika, bali ni kijiji katika jimbo la New York, Marekani, karibu na Ziwa Erie, ambako theluji huanguka kwa wingi. Babake, Duane Carrier, alikuwa mkulima. Mamake, Elizabeth, alitoka katika ukoo wa Quaker, dhehebu ambalo huku Kenya lina waumini wengi katika eneo la Magharibi. Willis alikuwa mtoto wa pekee, akikulia katika nyumba ya shamba iliyojaa watu wazima.

Mama huyo hakuwa na digrii ya uhandisi, lakini alikuwa na mikono ya fundi. Saa ya ukutani iliposimama au cherehani ilipokwama, yeye ndiye aliyeifungua na kuitengeneza, na mwanawe akitazama. Mtoto alipotatizwa na hesabu za sehemu, mama alimtuma chini kwenye ghala alete tufaha. Kisha akazikata nusu, robo na thumuni, na kumwamuru ajumlishe na kutoa kwa vipande hivyo hadi aelewe. Carrier alipokuwa mtu mzima mwenye sifa duniani bado alikuwa akilitaja somo hilo la tufaha kuwa ndilo lililompa njia ya kufikiri: tatizo likikushinda, likate vipande ambavyo mkono unaweza kuvishika. Mama alifariki Willis akiwa na umri wa miaka 11.

Miaka ya ujana wake haikuwa rahisi. Mdororo wa uchumi uliolikumba taifa la Marekani mwaka wa 1893 uliifanya ndoto ya chuo kikuu iahirishwe, naye akafanya kazi shambani na kufundisha shule kwa muda. Hatimaye alipata ufadhili wa kuingia Chuo Kikuu cha Cornell, ambako alijilipia chakula na malazi kwa kukata nyasi na kuwasha matanuri ya kupasha nyumba joto. Huko pia alishirikiana na mwenzake kuanzisha ushirika wa kufua nguo za wanafunzi. Jambo hilo la ufuaji wasimulizi wengi wa maisha yake hulipita haraka, ingawa kwa mtu ambaye baadaye angejulikana kwa kuiosha hewa, lafaa kukumbukwa.

Alihitimu mwaka wa 1901 akaajiriwa na kampuni ya Buffalo Forge, mjini Buffalo, kwa mshahara wa dola 10 kwa wiki. Kampuni hiyo ilitengeneza matanuri ya wahunzi, feni, na mitambo ya kupasha hewa joto. Miongoni mwa kazi zake za kwanza ilikuwa kuchora mitambo ya kukausha mbao na kahawa. Ndipo koili ilipoingia maishani mwake. Siku hizo koili lilikuwa bomba la mvuke lililopindwapindwa, na feni ilisukuma hewa kupita juu yake ili ipate moto. Wahandisi walikisia tu. Kama mteja alihitaji joto la kukaushia mbao, waliweka mabomba mengi zaidi ya yaliyohitajika, wakaita ziada hiyo usalama.

Carrier hakuridhika na makisio. Alipima ni kiasi gani cha joto hewa huchukua inapopita juu ya bomba kwa kasi fulani, akaandika majedwali. Majedwali hayo yaliiokolea kampuni maelfu ya dola kwa muda mfupi, na wakubwa wake wakamruhusu awe na maabara. Kijana wa miaka 25 alikuwa amegundua jambo ambalo fundi wa kiyoyozi bado hulitegemea: yote hutendeka pale hewa inapoligusa bomba. Ikizuiwa kuligusa, ukubwa wa mashine nyuma yake hausaidii kitu.

Mwaka wa 1902 lilimjia tatizo kutoka Brooklyn, New York. Kiwanda cha uchapishaji cha Sackett-Wilhelms kilikuwa kikichapa picha za rangi. Karatasi ilipitishwa kwenye mashine mara kadhaa, kila rangi kwa zamu yake. Siku za unyevunyevu karatasi ilivimba kidogo, siku kavu ikanywea, na rangi ya pili haikuangukia mahali pa rangi ya kwanza. Picha zilitoka zikiwa na kingo mbilimbili, na karatasi zikatupwa. Mwenye kiwanda hakuwa akilalamikia joto la wafanyakazi wake. Alikuwa akilalamikia karatasi. Tungependa kuamini kwamba kiyoyozi kilibuniwa kwa huruma ya binadamu anayetoka jasho, lakini kilibuniwa ili wino ukae mahali pake.

Jaribio la kwanza la Carrier lilikuwa la chumvi. Alijua kwamba chumvi ya kalsiamu hufyonza maji kutoka hewani, kwa hiyo akatundika kitambaa cha gunia kilicholowa maji ya chumvi hiyo, akapuliza hewa ikipite. Hewa ilikauka kweli. Tatizo ni kwamba ilitoka na chumvi ndani yake, na chumvi ikitua juu ya chuma, kutu huanza. Aliliacha jaribio hilo. Wakazi wa Magadi hawahitaji kuelezwa sababu.

Akarudi kwenye koili, lakini safari hii akaigeuza. Badala ya mvuke, alipitisha maji baridi ndani ya mabomba. Akachukua majedwali ya idara ya utabiri wa hali ya hewa yanayoonyesha joto ambalo umande huanza kutua, akapiga hesabu ya ubaridi wa bomba na kasi ya hewa vinavyotakiwa ili hewa iache kiasi fulani tu cha maji. Michoro yake ina tarehe ya Julai 17, 1902. Mtambo huo ulikuwa na sehemu mbili za koili, moja ikipata maji ya kisima na nyingine ikipozwa kwa mashine ya amonia, na lengo lilikuwa kuuweka unyevu katika asilimia 55 mwaka mzima. Kazi yake ya kupoza ililingana na kuyeyusha ratili 108,000 za barafu kila siku.

Anayetaka kuuona ugunduzi huo kwa macho yake na aende Magadi mchana, anunue soda baridi, aiweke juu ya meza. Punde chupa itaanza kutoa jasho. Maji hayo hayatoki ndani ya chupa, yanatoka hewani. Koili ya ndani ya kiyoyozi ni chupa hiyo hiyo ya soda, ila jasho lake hukusanywa kwenye beseni dogo chini yake na kutolewa nje kwa mpira.

Na kama chupa hiyo ingefunikwa soksi ya vumbi? Hewa ingeigusa soksi. Hicho ndicho kinachotokea koili inapoachwa miezi mingi. Vumbi, nyuzi za nguo na nywele hunata kwenye vibati vilivyolowa, vikajenga blanketi. Hewa hupita kidogo, bomba hupoa kupita kiasi, na umande hugeuka barafu. Mwenye nyumba huona kiyoyozi kikidondosha maji ukutani huku chumba kikiwa moto, akadhani gesi imekwisha. Mara nyingi gesi ipo, kilichokosekana ni brashi na maji. Beseni nalo likiziba huota ukungu na utelezi, na hewa inayotoka hapo hunuka kama soksi kweli.

Koili ya nje ina shida ya namna nyingine. Yenyewe ni ya moto, kazi yake ikiwa kuitupa nje ile joto iliyotolewa chumbani. Katika mji ambao hewa ya nje tayari inakaribia nyuzi 40, koili hiyo hupumua kwa taabu hata ikiwa safi. Ikizibwa na vumbi, shinikizo la gesi hupanda, kompresa hukazana, umeme huliwa, na hatimaye kompresa huungua. Bei ya kompresa mpya hukaribia bei ya kiyoyozi kizima, na ndiyo maana vifaa vingi hutupwa vikiwa bado na umri wa kuishi.

Turudi kwa Carrier. Mtambo wa Brooklyn haukumtosheleza. Inasimuliwa kwamba jioni moja mwishoni mwa mwaka wa 1902 alikuwa amesimama katika kituo cha garimoshi mjini Pittsburgh akingoja, na ukungu umetanda kotekote. Wengine waliuona ukungu na kuuchukia. Yeye aliuona kuwa hewa iliyoshiba maji, na akawaza kwamba hewa ikishibishwa maji kwa makusudi, huku joto la maji hayo likidhibitiwa, kiasi cha unyevu utakaobaki ndani yake kitajulikana kwa hakika. Yaani angeweza kuikausha hewa kwa kuilowesha. Wenzake walioisikia kwa mara ya kwanza hawakuwa na kosa kuona kama mzaha.

Ndivyo alivyobuni chumba cha manyunyu. Hewa iliingia, ikapita katika mvua laini ya maji baridi, ikatoka upande wa pili ikiwa na unyevu uliopimwa. Maji yaligeuka kuwa koili yenyewe. Hayashiki kutu, na matone hayana vibati vya kuziba. Zaidi ya hayo, yaliikumba vumbi iliyokuwa hewani na kuitelemsha chini. Aliomba hataza mwaka wa 1904 akaipata Januari 2, 1906. Mnunuzi wa kwanza wa kifaa hicho ilikuwa benki moja mjini La Crosse, katika jimbo la Wisconsin, na benki hiyo haikukinunua kwa ajili ya ubaridi. Ilitaka hewa safi. Kwa hiyo chombo cha kwanza cha namna hiyo kuuzwa kilikuwa mashine ya kufulia hewa.

Jina lenyewe la teknolojia hiyo hakulitunga yeye. Lilitungwa mwaka wa 1906 na Stuart Cramer, mhandisi wa viwanda vya nguo katika jimbo la North Carolina, ambaye alihitaji unyevu ili nyuzi za pamba zisikatike. Carrier alilichukua jina hilo, na viwanda vya pamba vikawa wateja wake wakubwa. Kufikia mwaka wa 1907 mtambo wake ulikuwa umeagizwa na kiwanda cha hariri huko Yokohama, Japani.

Desemba 1911 alisimama mbele ya chama cha wahandisi wa mitambo wa Marekani akawasilisha kanuni za hesabu zinazounganisha joto la hewa, unyevu wake na umande. Kazi hiyo ndiyo iliyomjengea heshima miongoni mwa wanataaluma, na mchoro uliotokana nayo bado hufundishwa katika vyuo vya ufundi. Mwaka uo huo wa 1911, kwa bahati tu, ndipo kampuni ya Magadi Soda ilipoundwa ili kuchimba magadi ya ziwa letu, na baadaye reli ikajengwa kutoka Konza hadi ufukweni. Mitambo ya mmoja na magadi ya mwingine ingekutana baada ya miaka mingi juu ya ukuta wa nyumba.

Mwaka wa 1914 Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza, wakuu wa Buffalo Forge waliamua kurudi kwenye utengenezaji wa vifaa tu na kuachana na kazi ya uhandisi wa hewa.  Mtu aliyeipatia kampuni hataza na wateja hadi Japani aliambiwa kwamba fani yake haikuhitajika. Angeweza kutafuta ajira kwingine, lakini yeye, rafiki yake Irvine Lyle na wahandisi wengine watano walichanga dola 32,600, wakaanzisha kampuni yao, Carrier Engineering Corporation, mnamo Juni 26, 1915. Hawakuwa na kiwanda. Walikuwa na michoro, majedwali, na ujasiri wa kumwahidi mteja kiwango cha unyevu.

Nyumbani, miaka hiyo ilikuwa ya majonzi. Mkewe wa kwanza, Claire Seymour, aliyemwoa mwaka wa 1902, alifariki mwaka wa 1912. Alioa tena mwaka uliofuata, na mke wa pili, Jennie Martin, akafariki mwaka wa 1939. Mwaka wa 1941 alimwoa Elizabeth Wise. Waliomfahamu humkumbuka kama mtu mkarimu aliyesahau mambo ya kawaida kabisa, aliyeweza kuondoka safarini na sanduku lisilo na nguo akili ikiwa imezama katika hesabu.

Hadi wakati huo ubaridi ulitoka kwenye mashine kubwa za amonia, gesi yenye sumu ambayo hakuna aliyetaka ivuje penye watu wengi. Mwaka wa 1922 Carrier alionyesha hadharani mashine mpya ya kupoza maji iliyotumia kompresa ya kuzunguka kwa kasi na kimiminika kilicho salama kuliko amonia. Hapo ndipo kiyoyozi kilipotoka kiwandani na kuingia kwa umma. Duka la J.L. Hudson mjini Detroit lilikifunga mwaka wa 1924. Mwaka wa 1925 ikawa zamu ya jumba la sinema la Rivoli mjini New York.

Usiku wa ufunguzi wa Rivoli unastahili kusimuliwa. Mtambo ulichelewa kuwashwa, na ukumbi ulikuwa umejaa watu walioingia na vipepeo vyao mkononi, kama ilivyokuwa desturi ya kiangazi. Carrier na wenzake walisimama nyuma wakihesabu vipepeo. Hewa baridi ilishuka polepole, na vipepeo vikaanza kupungua, safu baada ya safu, hadi mikono yote ikatulia mapajani. Adolph Zukor, tajiri wa sinema aliyekuwa amekaa ghorofani, alikiri baadaye kwamba watu wangeipenda. Baada ya hapo majumba mengi ya sinema yalitaka mtambo kama huo, na msimu wa joto, ambao ulikuwa wa hasara, ukawa wa faida.

Mdororo mkuu wa uchumi ulioanza mwaka wa 1929 nusura uizamishe kampuni. Iliungana na nyingine mbili mwaka wa 1930, na mwaka wa 1937 ikahamia mji wa Syracuse. Katika maonyesho ya dunia ya New York ya mwaka wa 1939 ilijenga nyumba ya mfano wa barafu ya Waeskimo ili wageni waonje hewa ya siku zijazo. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Carrier alisaidia kubuni mtambo wa kupoza hewa wa jengo la kufanyia majaribio ya injini za ndege huko Cleveland. Baadaye moyo ulimlazimu apumzike. Alifariki Oktoba 7, 1950, akiwa na umri wa miaka 73, akazikwa Buffalo.

Hakuishi kuona kiyoyozi kikiingia katika nyumba za watu wa kawaida, maana mlipuko huo ulitokea katika miaka iliyofuata kifo chake. Na kifaa kilichoingia majumbani hakikuwa na chumba cha manyunyu. Chumba hicho kilihitaji nafasi, pampu na mtu wa kukitunza. Kisanduku cha dirishani, na baadaye kile cha ukutani, kilirudi kwenye koili: bomba la shaba, vibati vya alumini, chujio jepesi la plastiki. Ni rahisi, na kinatosha ukutani. Lakini katika mtambo wa manyunyu vumbi ilioshwa na mashine yenyewe kila dakika. Katika kisanduku, vumbi hubaki palepale hadi mtu aje kuiosha. Kazi ambayo Carrier aliipa maji imehamishiwa kwa fundi, na mara nyingi fundi huyo haitwi hadi kifaa kisimame.

Pale Magadi kuna ugumu wa ziada. Soda ya ziwa ni chumvi yenye ukali wa kinyume cha asidi, na alumini haiivumilii, kama sufuria inavyoshuhudia. Pia ziwa lina chumvi ya kawaida, ile ya mezani, ambayo iliwahi kuzalishwa hapo kwa ajili ya kuuzwa. Chumvi hiyo ikilowa mahali shaba inapogusana na alumini, metali hizo mbili huanza kulana kama katika betri, na alumini ndiyo inayoshindwa. Vibati huwa unga mweupe unaomomonyoka kwa kidole. Kwa sababu hiyo watengenezaji huuza koili zilizopakwa utando wa kinga, na nyingine ambazo vibati vyake pia ni vya shaba, kwa ajili ya pwani na maeneo ya viwanda vya kemikali. Ni ghali zaidi. Anayenunua ya kawaida kwa sababu ya bei na kuipeleka Magadi ajue ameahirisha malipo tu.

Kitengela haina joto la Magadi, lakini ina vumbi la tambarare za Athi na la saruji kutoka upande wa Mto Athi, na saruji nayo ina ukali wa namna ileile. Mwandishi wa makala haya aliwahi kuona katika duka moja la dawa mjini humo kiyoyozi kilichosafishwa na kijana aliyechanganya sabuni kali ya kuondolea mafuta ya jikoni, akaipuliza kwenye koili, akaiacha bila kuisuuza. Povu lilitoka jingi, na wote waliokuwepo wakasifu. Povu lile lilikuwa alumini ikiyeyuka. Haikupita miezi mingi gesi ikavuja yote, na insulini iliyohitaji ubaridi ikahamishiwa kwenye friji ya jirani.

Kosa la kijana yule ni la kawaida, kwa sababu ukali huonekana kama usafi. Koili iliyokwisha kushambuliwa na vumbi kali haihitaji sabuni kali zaidi. Umeme huzimwa kwenye swichi kuu kwanza, si kwa rimoti. Vumbi kavu huondolewa kwa brashi laini ikifuata mwelekeo wa vibati, kamwe si kuvikata, maana vibati hulala kwa kuguswa tu. Kisha maji ya kawaida yenye mgandamizo mdogo hupitishwa kutoka upande wa ndani kwenda nje, kinyume cha njia ambayo hewa iliingia nayo, ili uchafu utoke ulikoingilia badala ya kusukumwa katikati. Sabuni ikitumika iwe isiyo na ukali wa asidi wala wa magadi, na isuuzwe hadi maji yatoke meupe. Mashine za kuoshea magari hazina kazi hapo. Vibati vilivyolala husimamishwa kwa kitana chake maalumu. Chujio la ndani, ambalo mwenye nyumba anaweza kulivua mwenyewe, huoshwa kila baada ya wiki mbili au tatu kwenye vumbi, na huanikwa kivulini.

Hata maji yenyewe si jambo dogo. Maji ya ziwa hayafai kwa kazi hii, maana yangeleta chumvi ileile inayofukuzwa. Maji matamu ya Magadi huja kwa bomba kutoka vilima vya Nguruman, ng'ambo ya bonde, na ng'ombe wa Wamaasai nao huyahitaji wakati wa kiangazi. Anayeosha koili kwa ndoo mbili alizozitunza, baada ya kuondoa vumbi kavu lote kwa brashi, ana busara kuliko anayefungua mfereji nusu saa.

Liko pia jambo la gesi. Koili iliyotoboka huachilia hewani gesi ambayo, hata kama haidhuru tabaka la ozoni kama zile za zamani, huzuia joto la dunia mara nyingi zaidi ya kaboni dioksidi. Mataifa yalikutana jijini Kigali mnamo Oktoba 2016 yakakubaliana kupunguza gesi za jamii hiyo hatua kwa hatua. Makubaliano hayo hujadiliwa katika kumbi kubwa, lakini tundu lenyewe hutokea mahali kama ukuta wa nyumba ya mfanyakazi wa Magadi, pale kibati kilipooza na bomba likabaki uchi.

Mwaka wa 1985, miaka 35 baada ya kifo chake, Carrier aliingizwa katika orodha ya heshima ya wavumbuzi wa Marekani. Hataza iliyompatia sifa ni ile ya mwaka wa 1906, ya manyunyu. Mafundi wanaopanda ngazi mjini Magadi hufanya kazi yao mapema asubuhi, kabla vibati havijapata moto wa kuchoma vidole na kabla upepo haujaanza kuliinua vumbi la ziwa.